Fidia ya Marehemu Si Mirathi

Tuseme ni fundi wa umeme wa miaka 35, mshahara wake Sh30,000 kwa mwezi, amefia ndani ya matatu iliyogongana na lori pale Salgaa. Ameacha mke na wana wawili Nakuru, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka miwili. Ameacha pia mke wa pili Machakos, aliyelipiwa mahari na kumzalia binti ambaye sasa ana miaka tisa, pamoja na mama mzazi kijijini. Baba yake alikwisha kufariki. Fundi huyu nimemtunga mimi, lakini wakili yeyote wa kesi za ajali atakuambia anamfahamu vizuri.

Kesi itafunguliwa na itachukua miaka yake, na siku moja pesa zitaingia kwenye akaunti ya wakili. Hapo ndipo maneno huanza. Watu wa ukoo watakaa kikao kuzigawa kwa desturi ile ile wanayogawia shamba na ng'ombe. Mke wa kwanza atasema nyumba yake ndiyo kubwa, shangazi atauliza gharama za matanga zilizochangwa zinarudishwa lini, na kaka mkubwa atadai kiti cha baba. Dai langu ni kwamba kikao hicho kinakosea tangu kinapofunguliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa hizo haikuwa mali ya marehemu hata siku moja. Na mahakama zetu, ambazo zinalijua hilo kuliko mtu yeyote, mara nyingi huwaachia watu wa kikao walimalize wenyewe.

Tazama jinsi pesa zenyewe zinavyopatikana. Hakimu huchukua mshahara wa mwezi, akauzidisha kwa 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo anaona marehemu angeendelea kufanya kazi. Miaka hiyo hupunguzwa kidogo kwa kuwa maisha hayana hakika, na pia kwa kuwa pesa zinakuja kwa mkupuo mmoja. Kwa fundi wa miaka 35, kumpa miaka 20 si jambo la ajabu. Halafu hakimu hutoa theluthi moja. Kwa nini theluthi? Kwa sababu marehemu mwenyewe angekula, angevaa, angepanda gari na kunywa chai yake. Kinachobaki, theluthi mbili, ndicho ambacho kingefika nyumbani. Elfu thelathini mara 12, mara 20, mara theluthi mbili: Sh4,800,000. Angekuwa kijana asiye na mke wala mtoto, anayewatumia wazazi tu, mahakama nyingi zingechukua theluthi moja badala ya mbili, kwa dhana kwamba kijana wa namna hiyo hujitumia zaidi yeye mwenyewe.

Zingekuwa mali ya marehemu, hakuna ambaye angemkata chakula chake. Shamba la ekari tatu halipunguzwi theluthi eti mwenyewe angelila. Mahakama hukata kwa sababu inachokilipa ni kile walio hai walichokuwa wakipokea mikononi mwake na hawatakipokea tena. Hasara ni ya mjane, ya mtoto, ya mama. Wao ndio wadai, kila mtu kwa hasara yake. Marehemu ni kipimo tu cha hasara hiyo.

Asili ya jambo hili ni Uingereza, na chanzo chake kinashangaza. Mwaka 1808, katika kesi ya Baker dhidi ya Bolton, mtu mmoja alidai fidia baada ya gari la farasi la abiria kupinduka na mkewe kufa. Jaji Ellenborough akaamua kwamba katika kesi ya madai, kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni hasara. Maana yake ni kwamba ukimvunja mtu mguu ulimlipa, na ukimuua ulikwenda zako. Kanuni hiyo ilidumu hadi reli zilipoanza kuua watu wengi kwa mara moja, na mwaka 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayojulikana kwa jina la Lord Campbell. Iliwataja wanaostahili: mke, mume, mzazi, mtoto. Humo mzazi ni pamoja na babu, bibi na mzazi wa kambo, na mtoto ni pamoja na mjukuu na mtoto wa kambo. Ukoloni ulipokuja kuandika sheria za Kenya ulinakili mtindo huo, na ndio tunaoutumia hadi leo katika Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32.

Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinasema kesi hufunguliwa kwa jina la msimamizi wa mirathi, lakini kwa manufaa ya mke, mume, mzazi na mtoto. Kinaendelea kusema kwamba mahakama itoe fidia kulingana na hasara ya kila mmoja wao, na kwamba kiasi kitakachopatikana, baada ya kutoa gharama, kigawanywe miongoni mwao kwa sehemu ambazo mahakama yenyewe itazitamka katika hukumu. Agizo la kugawa limo, na limeelekezwa kwa hakimu. Halikuelekezwa kwa chifu, kwa wazee wa ukoo wala kwa wakili.

Sasa soma hukumu zenyewe. Utakuta kurasa nane za nani aliendesha vibaya, polisi walichora nini, lori lilikuwa upande gani wa barabara. Utakuta mabishano marefu kuhusu mshahara, maana hati ya malipo haipo na imebidi kutumia kima cha chini cha serikali. Kisha jumla: maumivu kabla ya kifo kiasi hiki, kupungukiwa na umri kiasi hiki, utegemezi (zile theluthi mbili) kiasi hiki, gharama za kesi na riba. Mwisho. Zipo zinazogawa, na nimeona zilizogawa vizuri, lakini nyingi huishia kwenye jumla. Pesa zinatajwa kuwa ni za mlalamikaji, na mlalamikaji ni yule aliyewahi kupata karatasi za usimamizi.

Neno hilo la kuwahi lina uzito wake. Sheria inaruhusu kesi moja tu kwa kifo kimoja. Mke wa Machakos hawezi kufungua yake akiona ya Nakuru imemwacha nje, bali itabidi aombe kuingizwa katika ile iliyopo, kama habari zitamfikia. Ili kushtaki, mtu huhitaji kibali kidogo cha usimamizi ambacho mawakili wetu hukiita ad litem, kinachotolewa kwa ajili ya kesi pekee. Na ili kukipata, hatua ya kwanza ni barua ya chifu.

Barua hiyo ni karatasi moja yenye muhuri wa mviringo. Inaeleza kwamba fulani, wa kitambulisho namba fulani, alikuwa mkazi wa kata hii, amefariki tarehe fulani, na ameacha watu wafuatao. Halafu majina yanafuata. Chifu wa Nakuru atawaandika wale anaowaona Nakuru, hasa wale waliofika ofisini asubuhi hiyo wakiwa wamevaa nguo za msiba. Hana haja ya kuwa mla rushwa ili akosee. Machakos si kata yake, na mtu aliyeketi mbele yake hana sababu ya kumkumbusha. Sheria inamtaka mlalamikaji ataje kikamilifu watu wote ambao kesi ni kwa ajili yao, ila kwa kawaida orodha ya hati ya madai hunakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye barua hiyo. Kwa hiyo swali la nani ni mtoto wa marehemu linajibiwa na mtu mmoja katika dakika kumi, na majibu yake yanadumu hadi Mahakama ya Rufaa.

Kuna sheria ya pili inayozidisha mkanganyiko. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inasema haki ya marehemu ya kudai haifi naye. Alipata maumivu kabla ya kukata roho, umri wake umekatizwa. Madai hayo yanahamia kwenye mali yake. Kwa kawaida kiasi chake ni kidogo: kwa kupungukiwa na umri mahakama zimezoea kutoa kama Sh100,000, na kwa maumivu huangalia aliishi saa ngapi au siku ngapi baada ya ajali. Hizi ndizo pesa ambazo kweli ni mirathi. Huingia kwenye mali ya marehemu, madeni hulipwa kutoka humo, na zinazobaki huenda kwa warithi.

Kwa vile wanaonufaika na sheria zote mbili aghalabu ni watu wale wale, mahakama zimepata shida kuamua iwapo wanalipwa mara mbili. Katika kesi ya Kemfro, iliyochapishwa mwaka 1987, Mahakama ya Rufaa ilisema wategemezi wanaweza kudai chini ya sheria zote mbili, ila kinachopatikana kwa upande wa mali kizingatiwe katika hesabu ya upande wa utegemezi. Mahakama za chini zikalielewa hilo kama amri ya kutoa moja kutoka nyingine, hadi mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilipofafanua kwamba kuzingatia si lazima kuwe kukata. Ni mjadala muhimu kwa makampuni ya bima. Kwa mjane, hasara kubwa iko kwingine: pesa za aina mbili, zenye wenyewe tofauti, zinafika zikiwa zimechanganywa katika jumla moja.

Turudi kwa fundi wetu. Jumla yake, tukiweka Sh50,000 za maumivu na Sh100,000 za umri, ni Sh4,950,000. Bima ya lazima ya magari haishurutishwi kulipa zaidi ya Sh3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Zilizobaki inabidi zidaiwe kwa mwenye matatu, ambaye huenda ana gari hilo moja tu, limeharibika, na mkopo wake haujaisha. Tukubali basi kwamba zimepatikana milioni tatu, na tusahau kwa sasa ada ya wakili. Zigawanywe vipi?

Kikao cha ukoo kikifuata Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 40 kinahesabu kwa nyumba. Nyumba ya Nakuru ina watoto wawili na mama yao, jumla watu watatu. Ya Machakos ina mtoto mmoja na mama yake, wawili. Nakuru inapata 1,800,000, Machakos 1,200,000. Mama mzazi hapati kitu, kwa kuwa marehemu akiwa na watoto mali haipandi juu kwa wazazi, labda huyo mama aende mahakamani kuthibitisha kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa akimtunza.

Marehemu akiwa Mwislamu na ukoo ukifuata faraidh, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, wake wawili wanagawana thumni moja (moja ya nane), yaani 375,000, kila mmoja 187,500. Mama anachukua sudusi (moja ya sita), 500,000. Zinazobaki, 2,125,000, ni za watoto: kila mwana 850,000 na binti 425,000. Mama aliyekuwa hana kitu katika hesabu ya kwanza sasa anawazidi wajane wote wawili wakijumlishwa.

Na tukifuata kile ambacho pesa zenyewe zilihesabiwa kwacho? Swali linabadilika. Hatuulizi tena nani ni nani kwa marehemu. Tunauliza kila mmoja alikuwa akipokea nini, na angeendelea kupokea kwa muda gani. Mtoto wa miaka miwili ana miaka 16 mbele yake kabla ya kufika utu uzima. Kaka yake wa miaka 16 ana miwili, pengine na chuo. Mizani yoyote ya urithi huwapa ndugu hawa wawili sawasawa, ilhali hasara zao hazikaribiani. Binti wa Machakos ana miaka tisa ya kusomeshwa. Mama mzazi, kama alikuwa akitumiwa elfu tatu kila mwezi kwa M-Pesa, ana haki ya elfu tatu hizo kwa miaka ambayo mtu wa umri wake anatarajiwa kuishi. Si sudusi, na si sufuri. Mke wa Machakos aliyekuwa akipewa matumizi mara kwa mara hawezi kuwa sawa na yule aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, lakini pia hawezi kufutwa.

Ushahidi wa haya yote upo, na kwa nchi inayotuma pesa kwa simu kama yetu, upo kuliko Uingereza ya 1846 ilivyowahi kuota. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 ya marehemu ingemweleza hakimu utegemezi wa familia hii vizuri kuliko mashahidi watano. Inaonyesha shule iliyolipwa, mwenye nyumba aliyelipwa, na namba ya Machakos iliyokuwa ikipokea kila tarehe tano. Mawakili huiomba taarifa hiyo kuthibitisha kipato. Sielewi kwa nini hawaitumii kuthibitisha matumizi.

Najua pingamizi litakalokuja. Familia ya mke mmoja na watoto wake wote chini ya paa moja haina haja ya kuchambuliwa kwa asilimia, kwa kuwa mama atalipa karo ya wote kutoka mfuko mmoja. Kweli, na hapo jumla moja inatosha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakimu wa Nakuru hajui siri za nyumba, na wazee wanazijua. Nalo lina ukweli, isipokuwa wazee hao ndugu zao pia wamo kwenye foleni. Kaka wa marehemu anayeongoza kikao hastahili hata senti moja chini ya Sura ya 32, na bado ndiye mwenye kalamu.

Hapa niseme jambo ambalo halimpendelei mjane wala halinifurahishi. Kuwaacha ndugu wa tumbo moja nje kabisa ni ukatili wa Kiingereza tuliourithi bila kuukagua. Katika familia nyingi za kwetu, mzaliwa wa kwanza akipata kazi ndiye anayesomesha wanaomfuata. Dada wa miaka 27, mwalimu, hajaolewa, analipa karo ya wadogo zake watatu. Akifa katika ajali, wazazi watapata theluthi yao na wadogo zake hawatajwi. Wategemezi wake halisi ndio hao. Sheria ya 1846 iliandikwa kwa baba wa Kiingereza mwenye mke na watoto, na dada huyu hayumo ndani yake.

Tofauti hii ilionekana wazi baada ya Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 ilipoanguka dakika chache baada ya kuruka kutoka Addis Ababa ikielekea Nairobi. Walikufa watu wote 157, na Wakenya 32 walikuwa kundi kubwa kuliko la taifa lolote. Familia nyingi zilikwenda kuishtaki Boeing huko Chicago, ambako kampuni hiyo ilikuwa na makao yake makuu wakati huo, na Novemba 2021 Boeing ikakubali kubeba dhima ya kuwalipa. Sheria ya jimbo la Illinois inamtambua mwenzi na jamaa wa karibu wanaofuata, kwa hiyo marehemu asiye na mwenzi wala mtoto, kaka na dada zake wanaingia pamoja na wazazi. Inaruhusu pia fidia ya huzuni yenyewe, kitu ambacho mahakama ya Kenya haikulipi. Na kilichonivutia zaidi ni kwamba inamtaka jaji abainishe utegemezi wa kila mmoja kwa asilimia na kugawa kwa kuufuata. Sisi tunalo agizo karibu lile lile katika kifungu cha 4. Wao wanalitekeleza.

Katika mkasa huo huo kulikuwa na pesa za namna nyingine. Makubaliano ya Boeing na Wizara ya Sheria ya Marekani ya Januari 2021 yalitenga dola milioni 500 kwa familia za waliokufa katika ndege hiyo na ile ya Lion Air iliyoanguka Indonesia Oktoba 2018, jumla watu 346. Ukigawa sawa ni kama dola milioni 1.45 kwa kila maiti, awe mkurugenzi au mwanafunzi. Pesa za namna hii hazikukokotolewa kwa mshahara wala kwa karo ya mtu, zimewekwa kwa roho. Kuzigawa kunahitaji mizani nyingine, na hapo sina ugomvi na anayetumia ile ya urithi.

Ndiyo maana sioni kosa lolote katika diya, fidia ya damu katika sheria ya Kiislamu. Nchini Oman diya ya mtu aliyeuawa bila kukusudiwa iliwekwa kuwa riyali 15,000 kwa amri ya mwaka 2008, na Falme za Kiarabu ni dirham 200,000. Kiasi hakibadiliki kwa sababu marehemu alikuwa dereva au daktari. Familia za Mombasa na Unguja zilizofiwa na mtu wao huko Ghuba huombwa hati ya warithi, na diya inagawanywa kwa mafungu ya mirathi. Hata hivyo nalo halikuwa jambo lililokubaliwa tangu mwanzo. Imepokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab aliona diya ni ya ndugu wa kiumeni wanaobebeana mzigo wa kulipa, na mke harithi diya ya mumewe, mpaka Dahhak bin Sufyan alipomweleza kwamba Mtume alimwandikia ampe mke wa Ashyam ad-Dibabi fungu lake katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Yaani mzozo kati ya mjane na mashemeji juu ya pesa za kifo una umri wa karne kumi na nne, na ulipoamuliwa, uliamuliwa kwa upande wa mjane.

Mwislamu wa Kenya aliyefiwa barabarani ana pesa za aina mbili mkononi, kama mwingine yeyote. Zile laki na nusu za maumivu na umri ni mali ya marehemu, na Kadhi azigawe kwa faraidh. Zile za utegemezi zina wenyewe waliokwisha kutajwa na Sura ya 32. Kuhusu watoto wa nje ya ndoa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Juni 30, 2025 kwamba hata wa baba Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi, uamuzi uliowakasirisha wengi pwani. Kwa upande wa utegemezi, ubishi huo haukuwa na nafasi kubwa tangu awali, maana mtoto aliyekuwa akilipiwa karo ana hasara hata kama wazazi wake hawakuwahi kusimama mbele ya shehe au padri. Mwanamke aliyekaa na mtu bila ndoa ndiye mwenye kazi ngumu. Mahakama hiyo hiyo, Januari 2023, iliweka masharti makali kabla ya kudhaniwa kuwa ndoa ilikuwepo, na bila ndoa hana jina katika orodha ya wanne.

Nimeacha kwa makusudi jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni pesa za watoto zinapofika. Hakimu makini huamuru fungu la mtoto liwekwe kwenye akaunti yenye riba hadi afike miaka 18, na mlezi aombe ruhusa kutoa karo. Asiyefikiria hayo humwachia msimamizi zote. Huko hakuna wizi wa kuigiza, kuna mambo ya kawaida tu: kiwanja kilinunuliwa kwa jina la mjomba ili kisipotee, lori la mchanga lilinunuliwa ili pesa zizae, shemeji alikopeshwa. Baada ya miaka mitatu mtoto yuko nyumbani kwa kukosa karo, na kila mtu mzima ana maelezo.

Tanzania imejaribu njia nyingine kwa vifo vya kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya 2008, hulipa wategemezi pensheni kila mwezi. Kenya, chini ya sheria yetu ya fidia za kazini ya 2007, hulipa mishahara ya miezi 96 kwa mkupuo. Miezi 96 ni miaka minane. Fundi wetu angefia kazini badala ya barabarani, ni Sh2,880,000 kwa siku moja, na kikao kinaitishwa jioni yake. Pensheni ya kila mwezi haiwezi kununua lori la mchanga. Ina ubaya wake, mfumuko wa bei huila na ofisi za serikali hupoteza mafaili, lakini angalau inafanana na kile kilichopotea, yaani mshahara unaokuja mwisho wa mwezi.

Na haya yote nimeyasema kana kwamba kuna hukumu. Kesi nyingi hazifiki huko. Wakili na kampuni ya bima hukubaliana kiasi, msimamizi anatia saini karatasi ya kuridhika kwamba hadai tena, pesa zinatoka, faili linafungwa. Mtu mzima akiamua kumaliza kesi ya mtoto aliyeumia, kanuni za mashauri ya madai zinamtaka apate idhini ya mahakama kwanza, kwa sababu tunajua watu wazima huchoka na kukubali kidogo. Mtoto aliyefiwa na baba hana kinga hiyo, kwa kuwa kwenye karatasi mlalamikaji ni msimamizi, mtu mzima, na mtoto ni jina katika aya ya nne ya hati ya madai. Aliyevunjika mkono analindwa kuliko aliyebaki yatima.

Kuziba tundu hilo kungetosha kwa mstari mmoja katika kanuni: makubaliano yoyote ya fidia ya kifo yenye mtegemezi wa chini ya miaka 18 yasajiliwe mahakamani yakiwa na mgawo wake. Kwa zile zinazofika kwenye hukumu hakuhitajiki hata huo. Wakili anayeandika hoja zake za mwisho wiki hii anaweza kuongeza jedwali la majina, umri, alichokuwa akipokea kila mmoja na fungu analoombewa, akaambatanisha taarifa ya M-Pesa, na kumkumbusha hakimu agizo la kugawa lililomo katika kifungu cha 4. Na mawakili wa bima, ambao kwa kawaida hawajali pesa zikienda kwa nani mradi ni chache, wangekuwa na sababu ya kulisoma jedwali hilo kwa makini: mama mzazi wa kijijini aliyekwisha kufa tangu kesi ifunguliwe angeonekana, na fungu lake lingepungua.